Kocha Wangu na Kalamu Nyekundu

Kikao cha kwanza na kocha wangu wa masuala ya kazi na vyeo nilikiendea nikitarajia somo la sauti: namna ya kukaa, kutazama watu machoni, kuacha kusema "samahani" kabla ya kutoa hoja. Yeye akaomba kalenda yangu ya mwezi uliopita, akanipa kalamu nyekundu. "Zungushia kazi ambazo bosi wako angezitaja siku ya kukupandisha cheo."

Nilizungushia mbili. Zilizobaki? Kuandika muhtasari wa vikao, kuandaa hafla ya kumuaga mstaafu, kupokea wageni, kamati ya ustawi. Zote nilijitolea mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Kumbe siko peke yangu. Mwaka 2017 mwanauchumi Linda Babcock na wenzake walichapisha majaribio kuhusu kazi ambazo kila mtu anataka zifanywe ila na mwingine. Wanawake walijitolea zaidi ya wanaume. Lakini kundi lilipokuwa la jinsia moja, tofauti hiyo ilitoweka. Basi si hulka yetu. Tunatazamiwa, nasi tunaitika.

Ndiyo maana ukocha wa "jiamini, dada" unanichosha. Unamfanya mwanamke ndiye mgonjwa, halafu akishajiamini wanamwita mkali. Wengi ninaowaona wamekwama hatua moja chini ya ukurugenzi wana kujiamini kwa kutosha. Hawajawahi kukabidhiwa bajeti, wala hawana wa kuwataja. Vyeo vikubwa hujadiliwa mlango umefungwa, na wewe uko nje. Mshauri atakupa hekima zake ofisini kwake. Mdhamini atalitaja jina lako mle ndani, na ukivurunda aibu ni yake pia. Wanawake tuna washauri tele. Wadhamini ndio haba, na kocha asiyegusa hilo anakula ada yako bure (na ada zenyewe si ndogo).

Wangu aliniuliza nani wananiunga mkono kazini. Nikataja wanne, haraka haraka, kwa fahari.

"Kati yao, nani huingia kwenye kikao cha kupanga vyeo?"

Hakuna.

Wiki iliyofuata mwenyekiti aliuliza nani ataandika muhtasari. Macho yote kwangu. Nikaliangalia daftari langu, nimelifunga, mikono juu yake. Kimya kile kilikuwa kirefu, naapa. Mwishowe meneja wa fedha akakohoa, akavuta karatasi.