Ukipandisha imeji Docker Hub, mfikirie anayenunua bando

Mwaka jana mwenzangu aliyeko Mwanza alinipigia saa tano usiku. "Kaka, bando limekata na haijafika hata nusu." Alikuwa anavuta imeji ya mradi wetu, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi, niliyoipandisha mchana ule Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni. Ilikuwa na GB 2.3. Nililala vibaya, maana hela iliyoungua ilikuwa ya mfukoni mwake.

Docker Hub naipenda kwa dhati. Kabla Docker, zana ya kutengeneza na kuendesha imeji hizi, haijatoka mwaka 2013, kumwandalia programa mpya kompyuta yake kulitugharimu siku mbili nzima: lugha ya Python ya toleo hili, hifadhidata ya Postgres ya toleo lile, kisha mtu anasema "kwangu mbona inafanya kazi!" Sasa mazingira yote yanaandikwa kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, mmoja anajenga na kupandisha, mwingine anavuta kwa amri moja. Ila urahisi huo umetufanya tupandishe chochote.

Imeji ni matabaka. Kila amri ya RUN (endesha) au COPY (nakili) kwenye Dockerfile inaongeza tabaka lake, na faili ulilolifuta kwenye tabaka la juu bado limo kwenye tabaka la chini, na uzito wake wote. Ndivyo pia nywila zinavyovuja: mtu ananakili faili la siri, analifuta mstari unaofuata, anadhani limeondoka. Halijaondoka. Yeyote anayevuta imeji hiyo anaweza kulichimbua.

Dawa yetu ilikuwa kujenga kwa hatua mbili. Ya kwanza ina vifaa vyote vya kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, ya pili inachukua matokeo tu. Halafu tukapanga upya mistari: maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) zinasakinishwa kwanza, msimbo wetu unaingia mwisho. Msimbo ukibadilika, mwenzako anavuta kitabaka cha juu tu, mengine anayo tayari.

Jambo jingine linaloniumiza ni lebo, yaani jina la toleo linalobandikwa kwenye imeji, hasa ile ya latest. Wengi wanaamini ni toleo jipya kuliko yote. Kumbe ni jina tu ambalo Docker huweka usipotaja lebo, na linaweza kuelekezwa kwenye imeji yoyote. Wawili wakivuta latest wiki tofauti wanaweza kupata vitu viwili tofauti, na ugomvi wa "kwangu inafanya kazi" unarudi palepale tulipoutoa. Hata lebo ya 1.4 mtu anaweza kuipandishia imeji nyingine juu yake. Kisichobadilika ni ile alama ndefu ya sha256, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye imeji yenyewe. Kwenye timu yetu tumekubaliana: lebo ikishatoka haiguswi, na Dockerfile inakaa Git, mfumo wa kutunza msimbo na mabadiliko yake, pamoja na msimbo, kila mtu aione.

Siku hizi sipandishi kabla ya kuendesha amri ya docker history na kusoma uzito wa tabaka moja moja. Juzi yule mwenzangu wa Mwanza alivuta toleo jipya kwa intaneti ya simu yake. MB 14.