Habari za Jirani Zinazopitia London

Mwezi Julai 2015, siku chache kabla ya Barack Obama kuwasili Nairobi, CNN iliwaambia watazamaji wake kwamba rais huyo haendi tu katika nchi ya baba yake mzazi, bali anakwenda katika kitovu cha ugaidi. Wakenya hawakusubiri serikali yao iwasemee. Kwenye Twitter waliifufua alama ya #SomeoneTellCNN, yaani mtu awaambie CNN, ambayo walikwisha kuitumia dhidi ya kituo hichohicho mwaka 2012 na tena mwaka 2013, wakakikejeli usiku na mchana, hadi mwezi Agosti kituo kilipomtuma mmoja wa wakuu wake kuja Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Haikuwa siri kwamba Bodi ya Utalii ya Kenya ilikuwa mteja wa matangazo wa CNN. Wengi walikuhesabu kule kuombwa radhi kuwa ni ushindi wa wananchi. Kwa maoni yangu, kilichoombewa radhi ni maneno mawili matatu. Utaratibu ulioyazaa maneno hayo haukuguswa, na unaendelea hadi leo.

Kwanza niwatendee haki CNN. Ugaidi haukuwa uzushi. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na tarehe 2 Aprili 2015, miezi mitatu na ushei kabla ya ziara ya Obama, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwandishi ambaye angeielezea ziara ile bila kugusia usalama angekuwa hajafanya kazi yake. Lakini tarehe 13 Novemba mwaka huohuo watu 130 waliuawa Paris na vitongoji vyake kwa usiku mmoja, miezi kumi baada ya shambulio dhidi ya jarida la Charlie Hebdo katika jiji hilohilo, na tarehe 30 Novemba Obama yuleyule alikuwa Paris kwenye mkutano wa tabianchi. Sikumbuki kusikia popote kwamba alikuwa amekwenda katika kitovu cha ugaidi. Alikuwa amekwenda Paris, jiji lililoshambuliwa. Katika kisa kimoja shambulio ni tukio lililowapata watu. Katika kingine limegeuzwa kuwa sifa ya nchi nzima.

Tofauti hiyo inafika hadi kwa marehemu. Gazeti la Le Monde liliandika wasifu wa waliouawa Paris, mmoja mmoja, nani alikuwa mpiga gitaa na nani alikuwa amechumbiwa. Waliouawa Garissa walibaki kuwa idadi, mpaka Wakenya wenyewe walipoanza kukusanya majina na picha zao mitandaoni, wakisema kwamba 147, ambayo ndiyo idadi iliyotangazwa mwanzoni, si namba tu. Na hoteli ya DusitD2 ya Nairobi iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, New York Times ilichapisha picha ya maiti za watu waliouawa wakiwa mezani mkahawani, wakati ambapo baadhi ya familia zilikuwa bado zinawatafuta ndugu zao. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitaka picha hiyo iondolewe. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wanastahili kuuona ukatili wa shambulio kama lilivyo. Waliolalamika waliuliza swali dogo tu: ni lini gazeti hilo liliwaonyesha wasomaji wake maiti za Wamarekani kwa namna ileile, baada ya shambulio katika mji wa Marekani? Jibu la kuridhisha sijalisoma bado.

Mtu anaweza kuyaeleza haya yote kwa neno moja, ubaguzi, na asikosee sana. Ila neno hilo linatupeleka haraka mno kwenye hasira, kabla hatujatazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Chombo kikubwa cha Ulaya au Marekani huwa na ofisi Nairobi, nyingine Johannesburg, pengine na Dakar au Lagos, na mwandishi wa Nairobi hutarajiwa kuhudumia nchi kumi au zaidi. Mwaka 2019 New York Times ilitangaza nafasi ya mkuu wa ofisi yake ya Nairobi, na tangazo lenyewe lilizua mjadala mkubwa. Mwombaji aliahidiwa majangwa ya Sudan, bahari za maharamia za Pembe ya Afrika, misitu ya Kongo na fukwe za Tanzania. Akaambiwa atakutana na ugaidi na kinyang'anyiro cha rasilimali, na kwamba atapata pia nafasi ya kuwafurahisha wasomaji kwa habari za matumaini wasizozitarajia. Lisome tangazo hilo taratibu. Kabla mtu hajapata kazi, hajapanda ndege wala hajamhoji hata mpita njia, ameshagawiwa kila nchi itampa nini. Sisi Watanzania tumepewa fukwe. Dodoma na Singida sijui wamewekwa wapi.

Mwandishi huyo anapotua Juba au Bangui huwa na siku chache mkononi na hajui lugha ya mahali. Anayejua ni mwanahabari mwenyeji aliyekodiwa kumtafutia gari, vibali na watu wa kuhoji, ambaye mara nyingi jina lake halionekani juu ya habari. Kisha yupo mhariri wa mbali mwenye nafasi ndogo ukurasani na msomaji asiyeweza kuionyesha nchi hiyo kwenye ramani. Katika msongamano huo, kitu cha kwanza kukatwa ni sababu. Sababu hula nafasi. Hutaka miaka, majina ya watu, mikataba na bei za vitu. Mahali pake panawekwa jambo lisilohitaji maelezo, kama ukame au chuki za kikabila za tangu na tangu, na msomaji anaachwa na picha ya mahali ambapo mambo hayafanywi na mtu yeyote, yanatokea tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ethiopia. Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilirusha taarifa ya Michael Buerk kutoka Korem, kaskazini mwa nchi hiyo, iliyoilinganisha njaa ile na njaa za zama za Biblia. Ilirudiwa na vituo vya televisheni duniani kote, ikazaa wimbo wa hisani wa Band Aid mwishoni mwa mwaka huo na tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985. Iliokoa maisha ya watu, na sitaki mtu anisome kana kwamba nalibeza hilo. Lakini njaa ile haikuletwa na mawingu peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani na waasi wa Tigray na wa Eritrea. Katika maeneo ya waasi masoko yalishambuliwa kwa ndege, biashara ya nafaka ilibanwa, na misaada ilifanywa silaha. Mwezi mmoja tu kabla ya taarifa ile, Septemba 1984, serikali hiyohiyo ilikuwa Addis Ababa ikisherehekea kwa mbwembwe miaka 10 ya mapinduzi yake. Baadaye mamia ya maelfu ya watu walihamishwa kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, wengi wao kwa nguvu, na wengine walifia njiani au katika makazi mapya. Watazamaji wengi waliozima televisheni usiku ule walibaki na jambo moja vichwani: mvua ilikataa.

Ni nani aliyeishika kamera pale Korem? Ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambako alianzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Alikuwa mwana wa Afrika Mashariki hasa, aliyelijua eneo hili kuliko waandishi karibu wote waliokuwa wakishukia Nairobi. Mwaka 1991 alipoteza mkono akiwa kazini Addis Ababa, na Novemba 1996 alifariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Komoro. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba dawa ni Waafrika kupewa kamera wasimulie habari zao wenyewe wanapaswa kwanza kumweleza Mohamed Amin. Kamera alikuwa nayo, na kipaji pia. Ambacho hakikuwa mikononi mwake ni uamuzi wa kipi kitangulie, kipi kikatwe na maneno gani yawekwe juu ya picha. Vanessa Nakate wa Uganda aliyaona hayo kwa namna nyingine Januari 2020 huko Davos, pale shirika la habari la AP la Marekani lilipoisambaza picha ya wanaharakati watano vijana wa tabianchi ikiwa imekatwa, wakabaki wanne, wote weupe. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Shirika liliomba radhi baadaye.

Sifa nazo hazitutoi humo. Mei 2000 jalada la The Economist lilitangaza kwamba Afrika ni bara lisilo na matumaini. Desemba 2011 jarida hilohilo likatoa jalada la mtoto anayekimbia na kishada chenye umbo la Afrika, likitangaza kwamba bara linainuka, nasi tukashangilia na kulitaja katika hotuba. Mwaka uleule wa kishada, Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Na mwaka ule wa kukata tamaa, Botswana ilikuwa imeshapitisha miongo mitatu ya kukua kwa uchumi na kufanya uchaguzi bila kupinduana. Nchi hamsini na zaidi hazikati tamaa kwa pamoja, wala haziinuki kwa pamoja. Aliyefurahia jalada la pili alikuwa amelikubali la kwanza.

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, liko karibu zaidi na nyumbani. Fungua ukurasa wa kimataifa wa gazeti lolote kubwa la Dar es Salaam au Nairobi na utafute habari za Kongo, Sudan au Chad. Nyingi utakuta zimetoka kwa mashirika ya habari ya Reuters, AFP au AP, zimegeuzwa Kiswahili na kupangwa zilivyo, pamoja na ile aya ya mwisho isiyobadilika ya habari za Kongo, inayosema kwamba eneo la mashariki lenye utajiri wa madini limekumbwa na vita kwa miongo mitatu na kwamba makundi zaidi ya 100 yenye silaha yanapigana huko. Aya hiyo si ya uongo. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ohio au Lyon, ambaye hana haja ya zaidi. Msomaji wa Kariakoo, ambaye kila siku anawauzia vitenge na vipuri wafanyabiashara wa Kikongo, angestahili kuelezwa kwa nini ni miongo mitatu na si miwili: wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, vita vya 1996 na 1998, majeshi ya nchi jirani yaliyoingia, na madini yanapita mpaka upi yakitoka. Nchi yetu ina wanajeshi wa kulinda amani huko tangu mwaka 2013. Tarehe 7 Desemba 2017 wasiopungua 14 kati yao waliuawa kwa usiku mmoja katika kambi ya Semuliki. Tumewazika, kisha tukarudi kuisoma Kongo kwa macho ya mtu wa Lyon.

Si kwamba hatukuwahi kujaribu. Tanzania iliunda Shirika la Habari, Shihata, mwaka 1976, na nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zikawa na shirika lao la habari, PANA, lililoanza kazi Dakar mwaka 1983 kwa lengo hilihili la Waafrika kupashana habari bila kupitia Ulaya. Yote mawili yalilemewa na ukata, lakini lililoyamaliza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba yalikuwa ya serikali na yalinukia serikali. Waziri alifungua warsha, rais alipokea hati za utambulisho, na mhariri aliyetaka kujua kinachoendelea kweli alirudi kwa Reuters.

Kwa sababu hiyo siwaamini viongozi wanaojiunga nasi katika hasira dhidi ya vyombo vya nje. Serikali ya Ethiopia ilimfukuza mwandishi wa New York Times mwaka 2021 na wa The Economist mwaka 2022, vita vya Tigray vikiendelea au vikiwa vimesitishwa kwa muda, na waliokosa habari kwa hatua kama hizo ni Waethiopia wenyewe kabla ya mtu yeyote wa London. Kiongozi anayelalamika kwamba taifa linachafuliwa huwa na maana ya kwamba yeye ndiye anayechafuliwa, na mwandishi wa hapa nyumbani anayeandika jambo lilelile hapati hata heshima ya kufukuzwa kwa ndege.

Waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, wakazi wa mji huo walieleza yaliyowapata kwa Kiswahili, lugha yao ya kila siku sokoni na hospitalini. Wasikilizaji wengi wa Tanzania na Kenya waliwasikia kupitia BBC na Deutsche Welle, yaani sauti ya jirani yao, katika lugha yao, ililipiwa London na Bonn ndipo ikawafikia. Tarehe 8 Februari marais wa jumuiya za Afrika Mashariki (EAC) na Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Dar es Salaam kuujadili mji huohuo. Kituo cha redio cha Dar au Mombasa kinachotaka kufanya vingine hakihitaji ofisi Kongo wala mkalimani. Kinahitaji mwanahabari mmoja wa Goma anayelipwa kila mwezi bila kusumbuliwa, namba yake ya simu, na mhariri atakayempa dakika tano za jioni hata siku ambayo hakuna risasi iliyolia, aeleze bei ya unga, barabara ya kwenda Bukavu na kama shule zimefunguliwa. Kwa hesabu zangu, gharama ya mwaka mzima haifiki ile ya kuwapeleka watangazaji wawili kwenye fainali za AFCON.