Usimwambie Aliyefiwa "Na Wale Je?"

Ijumaa iliyopita niliondoka barazani kahawa ikiwa bado imo kwenye birika, na wanaonijua wanajua hiyo si desturi yangu. Nimengoja siku tatu nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Tulikuwa watu sita, wote wa pwani, nyumbani kwa rafiki yetu hapa Birmingham. Nilikuwa nikiwaeleza habari ya dada mmoja ninayefanya naye kazi, Mpandit wa Kashmir, yaani Mhindu wa asili ya bonde la Kashmir, nchi inayogombaniwa na India na Pakistani. Kila mwaka huomba asipangiwe zamu Januari 19. Wazee wake waliondoka kijijini kwao, upande wa Anantnag, majira hayo ya baridi ya 1990, wapiganaji wanaopinga utawala wa India walipokuwa wakiwaua na kuwatisha Wapandit. Baba yake alimwomba jirani, Mwislamu, awakamulie ng'ombe kwa wiki mbili tu, mpaka hali itulie. Mpaka leo hawajarudi kuishi. Yeye mwenyewe alizaliwa Jammu, mji ulio kusini mwa bonde, kambi ya Muthi, ndani ya hema, kwenye joto ambalo watu wa bondeni walikuwa hawajawahi kulijua. Wazee wengine walikufa kwa joto lile, wengine kwa kuumwa na nyoka.

Hapo ndipo ndugu yetu mmoja aliponikata kauli: "Na Gawkadal je?"

Naijua Gawkadal. Ni daraja la Srinagar ambapo Januari 21, 1990, siku mbili tu baada ya usiku wa Januari 19 ambao Wapandit huukumbuka kuwa mwanzo wa kukimbia kwao, askari wa India waliufyatulia risasi umati wa waandamanaji. Waliouawa wanakadiriwa kufika 50. Ni jinai kubwa, na sijaona aliyewajibishwa. Lakini ndugu yangu hakuitaja Gawkadal ili tuwalilie wafu wake. Aliitaja ili mimi ninyamaze. Aliwachukua maiti 50 akawageuza kifuniko cha chungu, na hilo ndilo lililoniinua mkekani.

Kwa sababu tunalifanya sana jambo hili, hasa sisi Waislamu tulio mbali. Tunaiombea Kashmir kwenye kunuti, tunachanga, na tunafanya vyema. Lakini akitajwa Mpandit, utamsikia mtu mzima na ndevu zake akisema kwamba hawa hawakufukuzwa, waliondolewa na gavana Jagmohan kwa malori ili jeshi lipate nafasi ya kuwaua Waislamu. Haya, tuhesabu tarehe. Jagmohan alianza kazi Januari 19, 1990. Tika Lal Taploo, mwanasiasa wa Kipandit, aliuawa Srinagar Septemba 1989. Jaji mstaafu Nilkanth Ganjoo aliuawa Novemba mwaka huohuo. Kulikuwa na vitisho vilivyobandikwa milangoni na kuchapishwa magazetini. Kulikuwa na vipaza sauti vikiwatisha usiku. Mtu akishaona jirani zake wameanza kuuawa mmojammoja, huhitaji gavana wa kumshawishi apande lori. Huenda serikali ilirahisisha safari yao, na huenda iliona faida ndani yake, hilo nalikubali. Lakini aliyekimbia alikimbia kifo.

Na idadi, jamani, tuache kuishindania. Serikali ya jimbo ilisema mwaka 2010 kwamba Wapandit waliouawa tangu 1989 ni 219. Wenyewe wanasema ni zaidi ya hapo. Walioondoka, wengine wanasema laki moja na kitu, wengine wanataja laki kadhaa. Nimewahi kusikia mtu akisema "219 tu". Hiyo "tu" ikae kwenye shingo yake. Kijiji cha Wandhama, Januari 1998, waliuawa Wapandit 23 katika usiku mmoja. Kijiji cha Nadimarg, Machi 2003, waliuawa 24, wakiwamo watoto, na hawa ni wale waliokataa kuhama miaka yote, walioamini kwamba majirani ni majirani.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana najua kuna watakaolipokea andiko hili kwa furaha isiyo njema. Parveena Ahangar, mama wa Srinagar, mwanawe alichukuliwa na vikosi vya serikali Agosti 1990 na hakuonekana tena. Mwaka 1994 alianzisha umoja wa jamaa za waliopotezwa. Kwa miaka mingi, kila mwezi, mama hawa walikaa chini bustanini Srinagar na picha za wana wao mapajani. Umoja wao unakadiria waliopotezwa ni 8,000 au zaidi. Wapo wanawake wanaoitwa wajane nusu, hawajui waingie eda au waendelee kungoja. Na mama kama huyu naye huulizwa, na watu wanaojiita watetezi wa Wapandit: "Na Wapandit je?" Agosti 5, 2019, serikali ya India ilipoifuta hadhi maalumu ya jimbo la Jammu na Kashmir, ikaligawa, ikakata simu na intaneti kwa watu milioni kadhaa, jibu lililotolewa mara nyingi lilikuwa hilohilo. Yule dada wa kazini aliniambia siku hiyo alilia, na si kwa furaha. "Wametumia jina la mama yangu," alisema, "na hawakumuuliza."

India na Pakistani sina mengi ya kuziambia. Kura ya maoni iliyotajwa kwenye azimio la Umoja wa Mataifa la 1948, ya Wakashmiri kuchagua India au Pakistani, haijapigwa mpaka leo. Na huko kunakoitwa Kashmir Huru, upande ulio chini ya Pakistani, katiba ya 1974 inapiga marufuku kufanya siasa ya kupinga kujiunga na Pakistani.

Lakini nataka kuwaeleza habari ya Chacha, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Chacha ni jirani yangu ukutani, amekaribia miaka sabini, mzaliwa wa Mirpur, huko huko Kashmir Huru. Mji anaouita kwao uko chini ya maji. Pakistani ilijenga bwawa la Mangla kwenye mto Jhelum miaka ya 1960, na zaidi ya watu laki moja wakahamishwa. Wengi waliishia Uingereza, na ndiyo sababu mitaa mizima ya Birmingham na Bradford ni ya Wamirpuri. Umeme wa bwawa unawaka Punjab, na Mei 2024 watu wa kwao Chacha waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya umeme huohuo na bei ya unga. Chacha alikuwa mvulana wa miaka kumi na kitu maji yalipopanda. Anakumbuka wanaume wakifukua makaburi ya wazee wao ili wahame nayo. Wasiowahi, wafu wao wamebaki majini.

Chacha anajiita Mkashmiri. Dada yangu wa kazini anajiita Mkashmiri. Nilipowakutanisha kwangu kwenye futari, hawakuwa na lugha ya kwao ya kuzungumza. Yeye anasema Koshur, Chacha anasema Pahari, ikabidi waende kwa Kiurdu. Wapo watu wa bondeni wanaosema wazi kwamba Mmirpuri si Mkashmiri, ni Mpunjabi wa milimani aliyejipa jina. Mimi ni mtu wa Mombasa. Tumebishana vizazi na vizazi Mswahili ni nani, na nimeshuhudia kaka wawili wa tumbo moja wakijibu tofauti. Sitamwambia mzee aliyezama mji wake kwamba jina analojiita si lake.

Ila kuna jambo ambalo Chacha hakuwa akilisimulia. Novemba 1947, India na Pakistani zilipokuwa zimetengana karibuni, katika dola ya Jammu na Kashmir ya Maharaja Hari Singh kulikuwa na misiba miwili. Jammu, Waislamu walipakiwa kwenye magari wakiambiwa wanapelekwa Sialkot, mji wa Pakistani, wakauawa njiani. Mauaji ya siku za 5 na 6 ndiyo yanayokumbukwa zaidi, na makadirio ya waliokufa majuma yale yanaanzia makumi ya maelfu na kuvuka laki mbili. Kwa Chacha, Novemba 6 ni siku ya maombolezo. Siku kumi na tisa baadaye, Novemba 25, Mirpur iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa upande wa Pakistani, na Wahindu na Masingasinga wa mji huo waliuawa kwa maelfu. Waliosalia wakafungiwa Alibeg, kwenye hekalu la Masingasinga lililofanywa jela. Jammu wapo wanaoiomboleza siku hiyo mpaka leo. Kwa hiyo mji uliozama ulikuwa umeshapoteza nusu ya watu wake miaka ishirini kabla ya maji, na katika masimulizi yote ya Chacha, mji huo ulianza kufa siku bwawa lilipojaa.

Usiku wa futari alitoa simu atuonyeshe picha alizotumiwa na mpwawe. Maji ya Mangla yakipungua wakati wa kiangazi, mji wa zamani hutokeza, na watu huenda kuzuru makaburi. Kwenye picha palikuwa na kaburi la walii, watu wameliwekea bendera za kijani. Nyuma yake lilisimama hekalu, tope mpaka kiunoni, kilele chake kizima.

Dada akauliza polepole, "Chacha, na hilo ni la nani?"

Sikutaka kumtazama mzee usoni. Nilidhani atasema Jammu, atasema yale magari, atasema Novemba 6, na angekuwa na haki ya kuyasema. Alikaa kimya muda mrefu, akikuza picha kwa vidole viwili na kuirudisha. Kisha akasema kwamba karibu na hekalu hilo palikuwa na duka la nafaka la Mhindu mmoja, na baba yake alikuwa na deni lake la unga. Baba alikuwa akilitaja deni hilo mpaka uzeeni, hapa hapa Birmingham, akiuliza watu wa Jammu aliokutana nao sokoni kama wanamjua mwana wa yule muuza nafaka.

"Rupia kumi na moja," alisema Chacha. "Hakumpata wa kumlipa."

Dada akaomba aambiwe jina la duka.