Kuruta Anayechechemea Hadeki

Kila mwaka majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaotakiwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, yakishatoka, wazazi wengi wa hapa Dar es Salaam tunakimbilia Kariakoo kutafuta bukta, fulana ya kijani na raba. Mtoto anafungashiwa kila kitu, miguu ndiyo inasahaulika. Ametoka kukaa kitako miezi mingi akijisomea mtihani, halafu ghafla anaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, na kabla jua halijazama ameshapiga kwata ya kutosha.

Mafunzo haya nayaunga mkono kwa moyo wote, na yaliporejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994 nilifurahi. Ndiyo maana inaniuma kijana akishindwa kumaliza kwa sababu ya jeraha lililoweza kuzuilika.

Pumzi hupatikana mapema, baada ya wiki chache tu kuruta anakimbia huku anaimba. Mfupa hauendi kwa kasi hiyo. Ukipewa kazi ngeni, mwili huanza kwa kuondoa sehemu zilizochoka, ndipo ujenge mpya, na katikati hapo, karibu wiki ya tatu na ya nne, mfupa unakuwa dhaifu kuliko siku kijana alipofika. Wakati huohuo mkufunzi anaona kombania imechangamka, anaongeza masafa. Nyufa za mfupa huanzia hapo. Si mambo mapya: Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, dola ya Ujerumani ya zamani, aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba nyayo kwa kutembea mno.

Watakaosema tukipunguza mbio tutapata askari legelege, watazame Marekani. Makuruta wa Marine, kikosi cha jeshi la Marekani, huko San Diego walipopunguziwa masafa ya kukimbia, nyufa za mifupa zilipungua kwa zaidi ya nusu, na kasi yao kwenye mtihani wa mbio ilishuka kidogo tu. Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi.

Halafu kuna suala la wafupi, hasa wasichana. Ukimweka binti mfupi nyuma ya mvulana mrefu na kumtaka hatua zilingane, nyonga ndiyo inayolipa. Jeshi la Australia liliwaruhusu wanawake watembee kwa hatua zao wenyewe, na majeraha ya nyonga yakapungua. Wafupi wakae mbele, na mbio zigawanywe kwa uwezo: wenye kasi kundi lao, wanaoanza kundi lao. Kila mmoja atahema vya kutosha.

Mzazi, usingoje majina yatoke. Mtihani ukiisha tu, kijana aanze kutembea kwa haraka, siku nyingine akimbie kidogo, kisha apumzike. Klabu za jogging za Temeke na Mbagala zipo kila wikiendi. Raba azivae mapema mpaka zimzoee.

Na maafande wetu, kuruta akisema ugoko unauma, tafadhali msimwite mdekaji. Mwambieni abonyeze kwa kidole gumba kuteremka ugokoni. Maumivu yaliyotapakaa, yanayopungua mwili ukipata moto, mara nyingi si ufa wa mfupa. Akiruka kwa maumivu mahali pamoja padogo kama sarafu, na usiku panamsumbua hata akiwa amelala, asikimbie tena hata hatua moja kabla hajaonwa zahanati.