Kiwanja cha Mafia na fleti ya London

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania tulioko Uingereza haipiti wiki bila mtu kutupia video ya droni: mchanga mweupe, minazi imeinama, maji yana rangi ambayo huku tunaiona kwenye dawa ya kusukutua tu. Chini yake maneno ni yale yale. Eka moja ya ufukweni, bei ya kutupa, njoo inbox. Watu wanajibu kwa vimoto na mioyo, na wawili watatu kweli wanatuma hela ya awali kwa mtu ambaye hawajawahi hata kumsikia akikohoa.

Mimi nilikwenda kuangalia kwa macho yangu. Nilichagua kisiwa cha Mafia badala ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, na Mbara kule ni mgeni kuliko tunavyopenda kukubali. Tena pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, imeshakuwa ya hoteli na bei za dola. Halafu mama yangu ni mtu wa Rufiji, na Mafia iko pale pale mbele ya delta. Ndugu wamekuwa wakivuka kwenda na kurudi tangu enzi za mababu. Ndege ndogo kutoka Dar haimalizi hata saa nzima, lakini nilipita njia ya watu: gari la Mbagala hadi Bungu, kukata kushoto kuelekea Nyamisati, kisha kivuko mpaka Kilindoni. Anayetaka kujenga kisiwani na avuke kwa maji, maana saruji na nondo zake hazitapanda ndege.

Dalali, kijana mwenye bodaboda na simu mbili, alinipeleka kaskazini, kupita Kirongwe, kwenye shamba la minazi linaloshuka hadi baharini. "Anti, hapa ukipandisha ghorofa moja tu, bahari yote yako," akaniambia. Mwenye shamba alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatandika mkeka, na bei hakuitaja. Aliuliza kwetu wapi. Nikasema mama ni wa Mbwera. Akauliza, Mbwera kwa nani? Nilipotaja jina la babu alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, ndipo akainuka kunionyesha.

"Huu wangu," akasema, akigonga shina kwa kiganja. "Huo na huo ni ya marehemu kaka, sasa ya wanawe, wako Mbagala. Ile mitatu ya kule aliiweka rehani baba yetu, hatujaikomboa."

"Na ardhi, bibi?"

"Ardhi ya ukoo, mwanangu."

Dalali wakati huo alikuwa na shughuli nyingi kwenye simu yake.

Mtu wa pwani hashangai hapo. Mafia, kama sehemu nyingi za mwambao, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyoubeba ikawa na mwenyewe mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mnazi. Akifa, minazi inagawiwa kwa mirathi ya Kiislamu, mtoto wa kiume sehemu mbili za wa kike, na kila msiba unazidi kuikata mafungu. Kwa hiyo eka moja ya kwenye video yaweza kuwa na watu kumi na kitu wenye neno juu yake, na dalali anakuonyesha mmoja, yule aliyepo nyumbani siku hiyo. Waliobaki utawajua siku unaangusha mnazi wa kwanza.

Nilipowasimulia wenzangu hapa London walicheka sana. "Ndiyo maana Bongo hatuendelei," akasema mmoja, "mtu ana mti, ardhi si yake!" Nikamuuliza: wewe fleti yako iko ghorofa ya ngapi? Ya tatu. Na ardhi iliyo chini yake ya nani? Akakaa kimya, maana anajua. Karibu sisi sote tulionunua fleti England tumenunua muda. Mimi nina mkataba wa miaka 99 ulioanza kuhesabiwa kabla sijaja nchi hii. Ardhi ni ya kampuni ambayo sijawahi kuona sura ya mtu wake hata mmoja, na imeshauzwa kwa kampuni nyingine bila mimi kuulizwa. Kila mwaka nalipa pango la ardhi, na juu yake ada ya huduma za jengo, ambayo hupanda lifti ikiwa imeharibika na hupanda lifti ikipona. Sheria ya mwaka 2022 imeondoa pango hilo kwa mikataba mipya. Ya zamani kama yangu inaendelea. Na mkataba ukishuka chini ya miaka 80, gharama za kuuongeza zinapanda, na mnunuzi anaanza kukunja uso.

Halafu mtu huyu huyu ndiye wa kwanza kulalamika kwamba Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, eti huwezi kumiliki kitu, unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Ndugu yangu, 99 hiyo hiyo unailipia mkopo wa benki hapa London kwa nusu ya mshahara. Tofauti ninayoiona ni kwamba mwenye ardhi wa Mafia alinitandikia mkeka akataka kujua mimi ni mtoto wa nani.

Nisije nikaonekana nimelewa maji ya madafu. Kuna jambo Waingereza wametushinda kabisa, nalo ni daftari. Kwa paundi chache mtu yeyote anaingia kwenye mtandao wa msajili wa ardhi na kuona nyumba ni ya nani, ina deni la benki au haina, mipaka inaishia wapi. Mwanasheria aliyenisimamia ununuzi hakuwahi kuniona uso wala kuiona fleti, na kazi ikaisha salama. Kijijini unategemea majirani wa pande nne, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ni nzuri ukiisoma: halmashauri ya kijiji inasimamia, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, unapata hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini wazee wanakufa, mwenyekiti anabadilika, muhuri unahama mikono, na ushuhuda wa majirani una nguvu pale tu hawajagombana. Tena ipo ile asilimia ya "ofisi" inayotajwa kwa sauti ya chini, ambayo kila niliyemuuliza inatoka kwenye sheria gani aliniangalia kama mtoto. Mbaya zaidi ni sisi wa nje, tunaokimbilia kusaini bila mkutano wowote kwa sababu ndege inaondoka Jumapili.

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe, maana ndiyo inayouzwa. Nilizunguka kisiwa nikiangalia wenyeji wamejenga wapi. Sehemu nyingi nilizopita, nyumba za watu hazikukaa ufukweni. Ufukweni kuna minazi, kuna ngalawa, kuna vichanja vya kuanikia dagaa. Nyumba ziko nyuma, karibu na kisima na njia, upepo ukipunguzwa na miti. Bibi yule naye nyumba yake ilikuwa imeupa mgongo ule mwonekano dalali aliotaka kuniuzia. Watu wameishi hapo vizazi na vizazi; kama kulala juu ya mchanga kungekuwa na faida, wangeshaifahamu.

Sheria nayo iko upande wao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo sehemu nzuri zaidi ya ile eka ya video huwezi hata kuweka msingi. Ukienda kusini, Utende, Chole, Juani na Jibondo, umeingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye taratibu zake juu ya zile za kijiji. Chumvi inakula bati na nondo kimya kimya. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, kikishika, bahari inachafuka na safari za maji zinakuwa za kubahatisha. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Na Jibondo, ambako mtu alinionyesha "kisiwa cha ndoto", maji matamu yamekuwa shida kwa miaka mingi. Watu walikuwa wakiyafuata kisiwa kikubwa kwa chombo. Hayo droni haiyapigi picha.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo macho yangu yana ugonjwa wao. Wenzangu wakiona ufukwe wanahesabu hatua za kwenda kuogelea, mimi nahesabu mwendo wa kwenda hospitali ya wilaya Kilindoni usiku, mvua ikinyesha, mume wangu ameshika kifua. Tunarudi tukiwa na umri wa kisukari na presha, halafu tunanunua nyumba kama watu wa miaka ishirini na tano walio fungate. Huku matibabu ya bure yanafuata makazi: ukihamia Mafia umeyaacha Heathrow. Pensheni ya serikali watakutumia popote, ila Tanzania haimo kwenye nchi ambazo inaongezwa kila mwaka, kwa hiyo kiasi unachoanza nacho ndicho utakachokufa nacho, bei ya sukari ipande isipande. Mwenye ukaazi wa kudumu wa kawaida akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi unamponyoka. Aliyechukua pasi ya Kiingereza ndiye mwenye kibarua kizito zaidi, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha na asiye raia hamiliki ardhi ya kukaa tu. Ndiyo chanzo cha zile shamba zilizoandikwa jina la shemeji, na kesi zake. Marekebisho ya karibuni ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania yanalenga kufungua mlango huo. Anayehusika asome sheria yenyewe, asisome mjadala wa kwenye kundi.

Hayo yote hayajanitoa Mafia moyoni. Kinyume chake. London nimekaa jengo moja miaka mingi, na jirani wa mlango wa pili namjua kwa jina lililoandikwa kwenye vifurushi vyake anapokosekana. Bibi wa kule kaskazini alinijua ukoo mzima kabla chai haijapoa, na akanikatalia kuuza kwa adabu: akasema hawezi kusema neno mpaka watoto wa kaka yake warudi kutoka Mbagala wakae chini. Dalali alinuna njia nzima. Mimi nilimheshimu bibi kuliko mwanasheria wangu, maana alikuwa na njia ya kunitapeli iliyo wazi kabisa na hakuipita.

Nilichomwambia yule kijana kabla ya kivuko ni hiki: anitafutie nyumba ya kupanga, Kilindoni mjini, vyumba viwili vinanitosha, iwe na kisima, na iwe karibu na hospitali kiasi cha kwenda kwa miguu. Nataka niingie mwezi wa tano, kusi kinapoanza, nikae nijue umeme unakatika mara ngapi, kivuko kinalala siku ngapi, na kama na mimi nitavumilika. Kiwanja kitangoja. Alishangaa, akasema wageni wake wote wanataka kuja kaskazi, Oktoba kwenda mbele, papa potwe wanapoonekana. Wa kusi hajawahi kumpata. Akapiga simu pale pale akanipata mwenye nyumba, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.