Wewe Unazitaka za Nini?

Mama mdogo alituma voisi kwenye grupu la ukoo saa nne usiku kwa saa za huku Tampere, Finland, saa tano kwa saa za nyumbani. Dakika mbili na ushee, sauti ya mwanamume nisiyemfahamu, nyuma yake jogoo anawika. Anasema hela za kumalizia zahanati ya kijiji chetu ziliingia tangu mwaka jana na zimeshaliwa. "Wananchi amkeni!" Juu ya voisi kuna ile mishale miwili, maana yake imepita mikono mingi kabla ya kutufikia.

Mimi, msomi wa Ulaya, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikaandika: "Shikamoo mama mdogo. Chanzo cha habari hii ni nani?"

Grupu likapoa. Hata wajomba ambao hawakosi la kusema walinyamaza. Asubuhi ndiyo akajibu: "Marahaba mwanangu. Huko kwa wazungu siku hizi mnafundishwa kuhoji wakubwa?" Akaweka na kikatuni cha kucheka, lakini namjua mama mdogo, lilikuwa limemkaa.

Kusema kweli, huku wanafundishwa. Binti yangu yuko darasa la tano. Wiki hiyohiyo mwalimu aliwatoa nje wawili wawili na simu, kila jozi ipige picha mbili uwanjani: moja ya kuifanya shule ionekane mahali pa raha, nyingine ya kuifanya ionekane jalala. Ruhusa ya kusogeza kitu chochote hawana. Binti yangu na mwenzake wakapiga picha ya watoto wakiteleza na vigari vya theluji, kisha wakageuka wakapiga rundo la theluji nyeusi iliyochanganyika na matope, juu yake baiskeli imevunjika gurudumu. Hatua tano tu kati ya picha na picha. Wakaziandikia vichwa vya habari. Halafu mwalimu akauliza ipi ya kweli, na darasa likabishana mpaka kengele. Jioni nikiwa nimekasirishwa na picha moja kwenye simu yangu, mtoto akachungulia, akaniuliza, "Baba, kushoto kwake kulikuwa na nini?" Nikakosa jibu.

Wenyewe wanaita monilukutaito, yaani ustadi wa kusoma mambo ya kila namna: maandishi, picha, grafu, matangazo. Imo kwenye mtaala wa taifa ulioanza kutumika 2016, tena haikupewa kipindi chake Ijumaa mchana watoto wakiwa wamechoka. Imepenyezwa kwenye masomo yote. Kwenye hisabati wanaonyeshwa jinsi grafu isiyoanzia sifuri inavyokuza kilima kikawa mlima, kwenye historia wanachambua mabango ya propaganda. Kuna taasisi moja ya Sofia, Bulgaria, inayopanga nchi za Ulaya kwa uwezo wao wa kuhimili uongo wa mitandaoni, na Finland imekuwa ikishika namba moja tangu orodha hiyo ianze 2017. Wageni wanamiminika kuja kuona siri ni nini, wanapelekwa madarasani, wanapiga picha, wanarudi makwao wakitaka kuandika mtaala.

Nami kwa miaka kadhaa niliamini hivyohivyo, kwamba nyumbani tumekosa somo. Yule mama mdogo ndiye aliyenitoa huko.

Maana mama mdogo si mjinga wa simu. Mtanzania gani hajapata ule ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..."? Yeye huwajibu matapeli hao. Kuna tapeli mmoja mama mdogo alimwambia asubiri kidogo, yeye auze ng'ombe kwanza, akamweka siku tatu, mara ng'ombe kapata mteja, mara mteja kakimbia, mpaka tapeli mwenyewe akaomba waachane kwa amani. Hadithi hiyo kaisimulia kwenye daladala, kanisani, msibani. Hakuna wizara iliyomfundisha. Nchi nzima ilijifunza kuutambua ujumbe ule kwa mdomo, kwa kutaniana, kwa aliyetapeliwa kusimulia bila aibu na wengine kucheka huku wakishika adabu.

Sasa imekuwaje mtu huyohuyo akabeba voisi ya jogoo akaisambaza? Nimelifikiria sana hili nikiwa kwenye tramu, na jibu nililolipata ni dogo. "Ile hela" anaipima kwa kitu anachokijua: madeni yake anayajua mwenyewe, na hakuna anayemdai kwa namba hiyo. Hela ya zahanati anaipimia wapi? Jengo limesimama kwenye lenta miaka mingapi, hakuna anayemwambia lolote, anakuja mtu na voisi anasema jambo linalofanana na anachokiona. Ukimwambia "hakiki kwanza", umemwelekeza kwenye mlango uliofungwa.

Na huo mlango tuliugonga. Dada yangu ni mwalimu, anaishi palepale. Baada ya lile swali langu la kisomi alikwenda ofisini kuuliza: fedha za zahanati zimeingia ngapi, lini, zimetumikaje. Alijibiwa kwa upole kabisa, kiti akapewa. "Mwalimu, wewe unazitaka za nini?" Akasema ni mwananchi tu. Akaambiwa mhusika yuko safari. Basi. Voisi ile haijathibitishwa, haijakanushwa, na mpaka leo mimi sijui yule bwana mwenye jogoo alikuwa mwongo au alikuwa mkweli mwenye simu mbovu.

Huku Finland, sheria ya 1999 ya uwazi wa shughuli za serikali inasema anayeomba waraka wa umma halazimiki kueleza anautaka wa nini, na kwa kawaida hata jina hatakiwi kulitaja. Mara ya kwanza nilipoambiwa nilidhani sijaelewa lugha. Jambo lenyewe ni la zamani: Finland ikiwa bado sehemu ya Sweden, mwaka 1766 ilipitishwa sheria ya uhuru wa uchapaji iliyowapa watu haki ya kuona nyaraka za serikali, na mmoja wa walioipigania sana alikuwa Anders Chydenius, kasisi wa upande huu. Wamelizoea mpaka limepitiliza. Kila Novemba mamlaka ya kodi inaweka wazi vipato vya watu vya mwaka uliotangulia, magazeti yanachapa majina ya walionacho, na wenyewe wanaiita siku ya wivu. Kipato cha bosi wangu nakijua. Kwetu hilo lingevunja ndoa.

Kwa hiyo yule mtoto anayefundishwa kuuliza "nani kasema, kwa nini, kushoto kulikuwa na nini" akikua anakuta swali lina pa kwenda. Hiyo ndiyo nusu ambayo wageni hawaipigi picha. Ukimfundisha mtu kushuku kila kitu halafu usimpe pa kuhakikisha chochote, unapata mtu anayesema wote ni waongo tu, na mtu huyo ni rahisi kumdanganya kuliko hata mama mdogo.

Nyumbani tumelianzia upande wa adhabu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ukichapisha taarifa unazojua ni za uongo, faini si chini ya shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Hilo kila mtu analijua, hata kwenye grupu la harusi kuna mtu huandika "wadau tusije tukafungwa". Lakini tuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayomtaka mwenye taarifa amjibu mwananchi ndani ya siku 30. Hiyo niambie umeisikia kwenye grupu gani. Na tuna mkutano mkuu wa kijiji, tuna kusomewa mapato na matumizi, tuna ubao wa matangazo nje ya ofisi, ambao kwetu una tangazo la chanjo ya kuku lililopauka na picha ya mgombea. Ningekuwa na amri, somo la kusoma habari ningelianzia kwenye ubao huo. Darasa la sita watoke, wakasome kilichobandikwa, waandike ambacho hakijabandikwa.

Wala sisemi huku ni peponi. Mzee wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu, alipigiwa simu na mtu aliyejifanya wa benki akamkomba akiba. Nilijua baada ya miezi, tena kwa bahati, tukiwa chumba cha kufulia. Hakumwambia mtu, aliona aibu. Majirani wote ni wasomaji wazuri wa magazeti na kila mmoja anayasoma peke yake, mlango umefungwa. Angekuwa kwetu, mtaa mzima ungeshajua kabla ya jua kuzama na yule tapeli asingepata mtu wa pili kwenye jengo lile. Uwezo wa kujifunza kwa kusimuliana tunao sisi, na mimi ningewauzia Wafini kama ungeuzika.

Tulishawahi hata kuupanga vizuri. Babu alikuwa kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima, wamekaa vikundi vikundi kuzunguka redio, kipindi kikiisha mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, wanajadili, wanakubaliana cha kufanya, wanaondoka kuchimba vyoo. Najua ilikuwa kampeni ya serikali na mengi yalitoka juu kwenda chini. Ila babu alikuwa akisema kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia mtu mmoja kumaliza mazungumzo. Nikitazama grupu letu la ukoo, namkumbuka sana.

Nilimpigia mama mdogo Jumapili nikamwomba radhi, si kwa kuuliza, bali kwa kumuuliza mbele za watu. Akasema yamekwisha, kisha akaniuliza hiyo sheria ya siku 30 imeandikwa wapi. Nikamtumia. Dada akaandika barua, jina na anwani kama inavyotakiwa, nakala mbili, akaipeleka mwenyewe na kusubiri mpaka nakala yake igongwe muhuri.

Leo ni siku ya 19. Picha ya barua yenye muhuri iko kwenye grupu, tarehe inasomeka vizuri. Mama mdogo ameshaifowadi kwa watu wanane, mmoja mmoja, na hakuniomba ruhusa.