Sarafu za majimbo ya Roma: kichwa ni cha Kaisari, upande wa pili anaongea nani?

Kila zikitajwa sarafu za majimbo ya Roma kuna hoja inarudi ile ile, kwamba zile ni propaganda ya dola basi, kichwa cha kaisari upande mmoja na upande wa pili vimiungu vya kupambia, yani miji iliyotawaliwa inapiga magoti. Hoja si ya kijinga na ina watu wazito nyuma yake, nitaifikia. Ila mi naona inawadhulumu sana waliozipiga zile sarafu, manake inatazama upande wa kichwa halafu inahukumu sarafu nzima.

Chukua Apamea, mji wa Phrygia, leo panaitwa Dinar kule Uturuki. Enzi za Septimius Severus (193 hadi 211), na tena enzi za Philip Mwarabu (244 hadi 249), mji huu ulipiga sarafu kubwa ya shaba. Mbele kaisari, kama kawaida. Geuza sasa: kulia kuna sanduku linaelea majini, mfuniko uko wazi, ndani mwanamume na mwanamke wanaonekana kuanzia kiunoni, juu kwenye mfuniko katua ndege na ndege mwingine anakuja na tawi. Kushoto wale wale wawili washashuka, wako nchi kavu, wameinua mikono ya kulia. Na kwenye sanduku kuna herufi tatu za Kigiriki, ΝΩΕ. Nuhu. Safari nzima ya safina, mwanzo na mwisho, imebanwa kwenye kipande cha shaba kinachoenea kiganjani, na upande wa pili kuna kaisari asiyemwabudu Mungu wa Nuhu. Mji huo huo una sarafu zingine zinazomuonyesha mungu wa kike Athena akipuliza filimbi na Marsyas, kiumbe wa hekaya za Kigiriki, pembeni, na wenyewe hawakuona tatizo kuwa na vyote viwili.

Hebu niambie ofisi gani ya Roma ilitoa oda ya kumweka Nuhu? Hakuna iliyotoa. Jibu liko pale pale Phrygia. Josephus, mwanahistoria Myahudi, anaandika kwamba mfalme Antiochus wa Tatu alihamishia familia 2,000 za Wayahudi Lydia na Phrygia, na hiyo ni miaka 400 kabla ya sarafu yenyewe. Mwaka 62 kabla ya Kristo gavana Flaccus alikamata pale Apamea karibu ratili 100 za dhahabu ambazo Wayahudi wa huko walikuwa wanazipeleka hekaluni Yerusalemu, na tunalijua hili kwa sababu Cicero, msemaji maarufu wa Roma, alimtetea gavana huyo mahakamani. Kwa hiyo ni jamii yenye mizizi na yenye pesa. Halafu mji wenyewe kwa jina la utani uliitwa Kibotos, sanduku, na ndilo neno walilotumia Wayahudi wasomaji wa Kigiriki kwa safina. Kuna mpaka mashairi ya kale ya Kigiriki, yale yanayoitwa ya Sibylla, yanayoupeleka mlima Ararat Phrygia, kwenye chemchemi za mto Marsyas, yani nyumbani kwao kabisa. Na kwenye sarafu ya enzi za Philip jina lililoandikwa kuzunguka safina ni la Marcus Aurelius Alexandros, kuhani mkuu. Wala hakujificha, jina lake liko wazi.

Kwangu hii ndiyo inavunja ile picha ya miji kupiga magoti. Mji umekusanya kisa cha kundi moja la raia wake, jina lake la utani na mto wake, ukasema dunia ilianza upya hapa kwetu, na ukaliweka hilo nyuma ya mgongo wa kaisari bila kumuudhi mtu.

Haya, twende kwa wenye hoja ya propaganda maana wana silaha. Ya kwanza ni ya Konrad Kraft, Mjerumani, aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba muhuri ule ule wa kupigia kichwa cha kaisari ulitumika kwenye miji tofauti tofauti ya Asia Ndogo, maana yake karakana moja ilihudumia miji mingi. Sasa kama fundi ni mmoja hiyo sauti ya mji iko wapi? Ni swali la haki na limetusaidia wote kuacha kudhani kila kamji kalikuwa na wachongaji wake. Na ni kweli kuna picha zinazokutana kila mahali, Tyche mungu wa bahati na usukani wake, Asklepios mungu wa uponyaji na fimbo yake ya nyoka, mpaka unachoka. Lakini angalia kilichokuwa kinagawanwa hasa, ni kile kichwa. Fundi anaweza kubeba kichwa cha kaisari Gordian kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila shida, ila safina akiipeleka Abydos itakuwa haina maana, Abydos wana wapenzi wao wa hekaya, wanamtaka Leander anayeogelea mlangobahari usiku na mpenzi wake Hero juu ya mnara kashika taa.

Silaha ya pili ni kali zaidi. Desemba 211 kaisari Caracalla alimuua ndugu yake na mtawala mwenzake Geta, ikaja amri jina na sura ya Geta vifutwe. Zipo sarafu za Stratonikeia, mji wa Karia huko huko Asia Ndogo, ambazo ndugu hao walikuwa wanatazamana, na mtu kachukua chombo akamkwangua Geta mpaka pakabaki bapa, Caracalla anatazama pasipo na kitu. Ukiiona unaelewa kwamba uhuru wa miji hii ulikuwa na mpaka na kila mtu aliujua. Hapo sibishi kabisa. Sibishi pia kwamba majimbo hayakuwa sawa: sarafu ndogo za Pontio Pilato kule Yudea, za mwaka 29 hadi 31, hazina kichwa cha kaisari lakini zina fimbo ya mpiga ramli wa Kirumi na kata ya tambiko, na huyo ni gavana anaongea, Wayahudi hawakuulizwa. Na hata huko kwenye miji walioamua ni matajiri wa baraza, mchuuzi wa samaki hakuitwa kikaoni.

Pamoja na hayo yote bado nasema hoja ya propaganda inakosea pahala pakubwa, ni pale inapodhani hekaya zilikuwa mapambo. Hekaya zilikuwa hoja, na hoja zenye pesa ndani yake.

Mwaka 26 baada ya Kristo, kwa mujibu wa mwanahistoria Mrumi Tacitus, miji 11 ya jimbo la Asia (magharibi mwa Uturuki ya leo) ilituma wajumbe Roma kugombea mmoja wao upewe ruhusa ya kumjengea kaisari Tiberius hekalu. Zingatia, wao ndio waliokuja kubishana, siku kadhaa, mbele ya Seneti na Tiberius mwenyewe akiwepo. Na walibishana kwa nini? Kwa hekaya! Ilion, ile Troya, wakasema sisi ndio wazazi wa Roma. Smirna wakamtaja Tantalus mwana wa Zeus, na Theseus, na mwanamke shujaa wa Kiamazoni, kila mmoja kama mwanzilishi anayewezekana, wakaongeza na misaada ya kivita waliyoipa Roma. Efeso wakaambiwa nyie mna mungu wenu wa kike Artemi, inatosha. Ilion wakaambiwa hamna kitu zaidi ya ukongwe. Smirna wakashinda, wakapiga sarafu yenye hilo hekalu na Tiberius ndani, na upande wa pili mama yake Livia na Seneti iliyochorwa kama mtu wanatazamana.

Mtu atasema si unaona, wanajipendekeza. Wanajipendekeza ndiyo, lakini wanashindana na nani? Na jirani zao. Kaisari kageuzwa refa wa ugomvi ambao si wake. Miaka zaidi ya 100 baadaye kaisari Antoninus Pius anawaandikia Waefeso waliolalamika kwamba Smirna wameacha kuwataja kwa cheo chao kamili, anawatuliza kwamba ni bahati mbaya tu. Mtawala wa dunia nzima kakalishwa kusuluhisha vyeo vya miji miwili! Dio Chrysostom, msemaji wa Kigiriki, aliwakemea watu wa Nikomedia kwa ugomvi wao na mji jirani wa Nikaia wa nani aitwe wa kwanza, akasema Warumi wanawacheka. Naheshimu uchungu wake ila sikubaliani naye, manake cheo kilikuwa na gharama halisi: Nikaia walipomuunga mkono Pescennius Niger, aliyegombea ukaisari na Septimius Severus, na Severus akashinda mwaka 194, walinyang'anywa vyeo vyao wakati Nikomedia waliokuwa upande wa mshindi wakineemeka.

Turudi kwa Ilion maana watu wanaishia pale waliposhindwa. Mwaka 53 Nero, kaisari wa baadaye, kijana wa miaka kama 16, alisimama kuwatetea mbele ya Seneti kwa kisa kile kile, shujaa Aeneas kutoka Troya na ukoo wa Julii, ukoo wa kaisari, kutoka kwa Aeneas, na kaisari Claudius akaufutia mji kodi moja kwa moja. Kodi, kwa sababu ya hekaya! Sasa ukishika sarafu ya Ilion yenye Aeneas kambeba baba yake Anchises unaona mji unaodumisha hati ya msamaha wake. Lakini ujue pia, mara nyingi hawakumweka Aeneas ambaye Roma inampenda, walimweka Hector, mlinzi mkuu wa Troya kwenye hekaya, na jina lake limeandikwa, Hector ambaye hakwenda Roma, aliyefia palepale ukutani. Huyo hana faida yoyote ya kodi. Huyo ni wao.

Na kuna kitu kidogo ambacho kinanipa imani kuliko vyote. Shaba hizi zilizunguka kwa sehemu kubwa karibu na mji uliozipiga. Kaisari hakuziona, maseneta hawakuziona, aliyeziona ni mtu wa sokoni Abydos au Apamea anayenunua mkate. Kama ni propaganda basi msikilizaji wake alikuwa mtu wa nyumbani, na aliyekuwa anamwambia ni mtu wa nyumbani vilevile.

Zaidi ya miji 500 ilipiga sarafu za namna hii. Kilichoziua haikuwa amri, ni fedha ya Roma iliyochakachuliwa mpaka ikabaki shaba yenye mng'aro, kupiga shaba za mjini kukawa hasara, na katikati ya miaka ya 270 mji wa Perge, kusini mwa Uturuki ya leo, ukawa miongoni mwa ya mwisho kabisa. Aleksandria, ambayo ilikuwa chini ya serikali moja kwa moja, ilijikokota hadi miaka ya 290. Ndipo kaisari Diocletian akaleta sarafu yake mpya, na hiyo sasa ndiyo dola inayoamua picha: London, Trier, Antiokia, Aleksandria, kote kijana yule yule nusu uchi kashika bakuli la tambiko na pembe iliyojaa matunda, maandishi ya Kilatini yale yale ya roho mlinzi wa watu wa Roma. Majina ya miji yakahamia chini kabisa kwenye ukingo, kama alama ya karakana, ANT, ALE.